Alama Tatu kwa Wimbo wa Jikoni

Niliwahi kuwa jaji mara moja tu maishani, Jumapili moja mchana, kwenye ukumbi wa kanisa huko Laeken, katika shindano la kuimba la Wafilipino. Msinicheke. Mimi ni mtu wa Mwanza, kazi yangu Brussels ilikuwa kufua mashuka ya wazee, na lugha za Wafilipino sijui hata salamu. Lakini wenyewe ndivyo walivyotaka. Kila mwaka majaji walikuwa watatu, wote watu wa nje, kwa sababu Wafilipino wanatoka visiwa vingi, na jaji wa kisiwa kimoja akimpa ushindi mtu wa kwao, kelele zake haziishi mpaka shindano la mwaka unaofuata.

Aliyenipeleka kule alikuwa mwenzangu wa kazi, mwanamke wa Kifilipino tuliyefanya naye kazi chini ya nyumba moja ya kutunzia wazee, mle kwenye mashine za kufulia. Tulianza pale pamoja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wote wageni, wote na Kifaransa cha kuombea maji. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga. Yeye aliniita Ate, ambalo kwao ni dada mkubwa, na mimi nilimwita mdogo wangu. Neno hilo la Kiswahili alilishika upesi kuliko Kifaransa chote walichotufundisha.

Alikuwa anaimba kutwa. Anapakia mashine anaimba, anapiga pasi anaimba. Tena siyo kuimba kwa kunung'unika kama mimi, hapana, alikuwa na sauti iliyopanda bila kuhangaika, na wauguzi wa ghorofa ya juu wakishuka kuchukua mashuka walikaa kidogo mlangoni kumsikiliza. Zote zilikuwa nyimbo za Kimarekani, zile ndefu za mapenzi, ambazo katikati mwimbaji anapandisha sauti mpaka unamwogopea. Siku moja nikamuuliza, mdogo wangu, kwani nyie hamna nyimbo zenu? Akacheka. Akasema, "Tunazo, Ate. Lakini ukiimba wa kwetu watu wanasema unaimba jikoni. Ukiimba wa Kimarekani wanasema unaimba."

Nilicheka naye, maana nililijua jambo hilo vizuri. Shuleni kwetu Mwanza kulikuwa na shindano la vipaji, nami nililishinda kwa wimbo wa Kimarekani ambao nusu ya maneno yake niliyabuni mwenyewe, mdomo nimeupinda, pumzi puani, na walimu wakapiga makofi hadi viganja vikawauma. Siku hiyo hiyo kuna msichana alipanda na wimbo wa Kisukuma wa kutwangia. Alizomewa. "Mshamba huyo!" Na katika waliozomea mimi nilikuwa safu ya mbele kabisa, sina haja ya kudanganya.

Sasa niwaambie kuhusu mtoto wake, kwa sababu bila mtoto mambo haya yote yasingekuwa na maana. Mwenzangu alimwacha binti yake kwao, kwa mama yake mzazi, mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alidhani ataenda kumwona baada ya miaka miwili. Lakini kibali chake cha kuishi kilikuwa cha muda, faili lake halikwisha, na wakili alimwonya kila mara: ukitoka kabla halijaisha, kurudi usahau. Basi akabaki. Mwaka ule wa shindano mtoto alikuwa ametimiza minane.

Kila Jumamosi alinunua kadi ya simu kwenye duka moja karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord, akapiga kwao. Bibi anapokea, anamwita mtoto, mtoto anashika simu, anasema ndiyo, anasema hapana, kisha anamrudishia bibi na kukimbia kucheza. Safari nyingine alikataa hata kuishika. Jumatatu mwenzangu alinisimulia huku anakunja foronya, anasimulia kana kwamba ni kichekesho. "Juzi, Ate, alimuuliza bibi yake, ni yule mwanamke tena?" Mimi mwenzenu nina hasira za karibu, nikaanza kumsema bibi, kwamba hamfundishi mtoto. Yeye akaninyamazisha. Akasema mtoto hana kosa, hanijui tu.

Na alikuwa na mpango wa kujulikana. Mshindi wa shindano la Laeken alikuwa anarekodiwa na kituo kimoja cha televisheni cha kwao, katika kipindi cha Wafilipino walio ng'ambo, na kipindi hicho, alivyoniambia, kisiwani kwao kila nyumba inakitazama. Alitaka kushinda. Kumbe wimbo aliotaka kushinda nao ulikuwa wa kwao, wa kubembelezea watoto, kwa lugha ya kisiwa chao kidogo ambayo hata Wafilipino wengine hawaisikii. Ulikuwa unamhusu mama kaa anayemtafuta mwanawe kwenye matope ya mikoko. Ndio aliomwimbia binti yake kila siku kwa ule mwaka mmoja na miezi miwili. "Akiusikia, Ate, atanijua. Kichwa chake kimesahau, masikio hayajasahau."

Mimi nikamwambia hapana. Nilimwambia Ijumaa, siku mbili kabla ya shindano, tukiwa tumesimama kwenye ile pasi kubwa ya mashuka, yeye ncha hii, mimi ncha ile. Wakati huo nilikuwa nimeshaombwa kuwa jaji, maana yeye mwenyewe alishawatangazia kwamba mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya na nina sikio. Nikamwambia, imba ule wa Kimarekani unaowasimamisha wauguzi mlangoni, ushinde, uonekane kwenye televisheni, mtoto akuone sura. Wimbo wa kaa hakuna atakayekupa. Akatikisa kichwa. Nikasema tena. Akatikisa tena, anatabasamu, lile tabasamu lao ambalo huwezi kugombana nalo. Nikapandisha sauti: "Wewe unataka kushinda au unataka kulia mbele za watu?"

"Nataka anijue," akasema.

Nikamwachia shuka upande wake, nikaenda zangu. Niliudhika kweli. Mtu unamshauri kwa mapenzi, unamwonyesha njia iliyonyooka, yeye anatabasamu tu na kushika la kwake. Nikasema moyoni, haya, ataona. Hayo ndiyo maneno yenyewe, na nimeyakumbuka miaka yote hii.

Jumapili nilikwenda na jirani yangu, mama mmoja Mkongo wa Lubumbashi aliyekaa ghorofa ya juu yangu pale Koekelberg. Nilimwambia kutakuwa na chakula kizuri, naye akavaa kitenge chake cha sherehe, tukapanda tramu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, maputo, meza ndefu ukutani yenye tambi za kukaanga, nyama ya nguruwe, na sambusa zao zile nyembamba ndefu. Mbele kulikuwa na mashine ya karaoke na televisheni kubwa. Sisi majaji tulikuwa na meza yetu yenye kitambaa cheupe: mwalimu mstaafu wa piano, Mbelgiji, na padri mmoja wa Kipolandi, na mimi. Kila mmoja alipewa karatasi yenye majina na safu nne za alama, kila safu juu ya kumi: sauti, mapigo, kujiamini jukwaani, na uchaguzi wa wimbo.

Jamani, wale watu wanaimba! Walipanda kumi na wawili. Yaya, mpishi, dereva wa ubalozi, mwanafunzi, kila mmoja na wimbo wa Kimarekani au wa Kiingereza, na kila mmoja akiuimba kuliko, nadhani, hao wenye wimbo wao. Hakuna aliyekosea neno. Watu walijua pa kupiga makofi na pa kunyamaza, na ikifika pale pa kupandisha sauti ukumbi mzima ulivuta pumzi pamoja na mwimbaji. Nilifurahi sana. Nikawa natoa nane, tisa, nane, hadi yule mwalimu wa piano akanitazama pembeni.

Mwenzangu alikuwa wa tisa. Alipanda na gauni la kijani aliloshona mwenyewe. Kijana wa mashine akamuuliza namba ya wimbo, na yeye akasema hauna namba. Wimbo wake haukuwamo kwenye mashine. Mle mlikuwa na maelfu ya nyimbo, lakini ule wa kaa hakuna aliyewahi kuuweka. Basi televisheni ikabaki na picha ya maporomoko ya maji bila maneno yoyote, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaanza kavukavu.

Sauti ilikuwa ndogo. Aliimba vile mtu anavyomwimbia mtoto aliyelala mapajani, bila kupandisha popote, beti inaisha inaanza nyingine inayofanana nayo. Ilipofika beti ya pili viti vikaanza kulia. Watu walikuwa wanainuka kwenda kupanga foleni ya chakula. Hawakumzomea, hao si watu wa kuzomea. Walikwenda tu kuchukua sahani, wakiongea chinichini, kama watu waliopewa mapumziko. Mbele walibaki wanawake wachache, na mmoja wao, mzee, alikuwa anaimba naye kwa midomo tu.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi. Siwezi kusema haukunigusa. Ulinigusa, na hilo ndilo lililozidi kunikasirisha, kwa sababu niliona foleni ile na nikajisikia nimeshinda ubishi. Nilimwambia! Halafu likaja na la pili: watu wote pale walijua ni rafiki yangu. Nikimpa nyingi watasema jaji Mwafrika kapendelea. Kwa hiyo nikawa na sababu mbili, moja ya hasira na moja nzuri ya kuifunikia. Sauti nikampa saba. Mapigo nikampa tano, eti kwa sababu hapakuwa na muziki wa kupimia. Kujiamini nikampa sita. Kwenye uchaguzi wa wimbo nikaandika tatu. Niliiandika kubwa, nikaikolezea wino.

Nilidhani wenzangu watampa vizuri na yangu itamezwa humo. Na kweli walimpa vizuri. Mwalimu wa piano alimpa tisa karibu kote, padri vivyo hivyo. Alama zilipojumlishwa, mwenzangu akawa wa pili, nyuma ya yule dereva wa ubalozi, kwa tofauti ya alama mbili. Mbili! Hata ningeandika sita tu pale nilipoandika tatu, angeshinda.

Nilijuaje walichompa? Kwa sababu wao wana utaratibu wao ambao hakuna aliyeniambia. Kwa kuchoshwa na ugomvi wa kila mwaka, baada ya kutangaza mshindi wanazibandika karatasi za majaji mlangoni, zote tatu, na jina la jaji juu, ili kila mtu asome mwenyewe. Nilipotoka kwenda chooni nikakuta watu wamejazana pale. Katikati yao niliona gauni la kijani. Alikuwa amesimama mbele ya karatasi yangu, kidole juu ya ile tatu. Nilirudi ndani mbio, nikakaa kwenye kiti changu cha ujaji, mkojo ukakauka wenyewe.

Tulipokuwa tunaondoka alinifuata na chakula. Kwao mgeni haondoki mikono mitupu. Alikuwa amenifungia tambi na nyama kwenye karatasi ya alumini, kifurushi kizito cha moto, akaniambia asante kwa kuja, Ate, umechoka leo. Sikuona hata chembe ya kejeli usoni mwake. Ningepata kofi ningefurahi.

 Tramu ilipokaribia kwetu, jirani yangu akanigeukia.

"Bon, maman, nikuulize. Ule mutoto wa robe ya kijani si ni mwenzako wa kazi?"

Nikasema ndiye.

"Alors weye unamupa trois? Trois sur dix?"

Nikaanza kumweleza ile tatu juu ya kumi, mambo ya safu, na mapigo, na haki, kwamba jaji hapaswi kupendelea. Akanisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Mi sikusikia hata neno moya ya ule wimbo. Hata moya! Mais nililia, donc haikuwa mubaya. Weye uko na masikio, si ndiyo? Batu banaenda kutafuta kukula, na weye unabafwata?" Akageukia dirishani. Kile chakula kilikuwa kinaniunguza mapajani.

Sikukila. Nilikiweka kwenye friji na Jumanne nikakitupa, jambo ambalo mama yangu angenipigia.

Jumatatu nilikwenda kazini nimejiandaa. Usiku nilikuwa nimepanga maneno: nilikuwa na hasira na wewe, nisamehe. Ni maneno machache, hata kwa Kiingereza chetu kile yalitosha. Nikamkuta anapakia mashine, hana wimbo. Nikasema, mdogo wangu, kuhusu jana. Hakuniacha nimalize. "Hapana, Ate. Uliandika kweli. Wale wengine wawili walinionea huruma, wewe hukunionea. Ni wimbo wa jikoni." Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikaona mlango umefunguliwa wa kutokea nikiwa msafi, nikatoka. Nikasema, ndiyo, rafiki wa kweli anasema kweli. Loo! Hata sasa nikiandika nasikia aibu masikioni.

Wiki moja nzima hakuimba. Halafu siku moja akaja na kitabu cha orodha ya nyimbo za ile mashine, kimechakaa, akakiweka juu ya mashuka. Akasema, "Nichagulie wewe." Nikachagua. Nilichukua kazi ile kwa moyo wangu wote, nikadhani ndiyo njia ya kumlipa. Nilimchagulia wimbo wa Kimarekani wenye kupanda mara mbili, na kwa mwaka mzima tuliufanyia mazoezi mle chini, yeye anaimba, mimi nimeshika pasi namwambia hapa vuta, hapa katisha, hapa fumba macho. Wauguzi wakarudi mlangoni. Wimbo wa kaa sikuusikia tena, na sikumuuliza.

Mwaka uliofuata hawakuniita kuwa jaji, nikashukuru Mungu. Nilikaa na jirani yangu katikati ya ukumbi. Mwenzangu alipanda na gauni jekundu la kuazima, akataja namba ya wimbo, mashine ikaitika, maneno yakatokea kwenye televisheni. Hakuna aliyeinuka. Alipopandisha mara ya pili watu walisimama kwenye viti vya plastiki. Alishinda kwa mbali, na watu wa televisheni wakamrekodi pale pale. Mimi nilipiga kelele mpaka nikakauka koo. Jirani yangu alipiga makofi kwa adabu na kusema, "Anaimba muzuri, eh," basi.

Kipindi kilirushwa baada ya wiki kadhaa. Jumatatu yake mwenzangu alinisubiri mlangoni mwa chumba cha kufulia, koti hajavua, akanirukia.

"Ate, amezungumza nami!"

Nikamwambia kaa chini, anza mwanzo. Hakuweza kukaa. Alisema mtoto mwenyewe ndiye aliyekimbilia simu. Alisema shuleni wote wameona, mwalimu kamwita mbele ya darasa, watoto wanamuuliza, yule ni mama yako kweli? Akasema ndiyo, ni mama yangu. Walizungumza mpaka kadi ikaisha, akakimbia kununua ya pili, wakazungumza tena. Karibu miaka minane, jamani. Nilikuwa nalia na yeye analia, mashine zinazunguka nyuma yetu.

Kisha akasema, "Nikamwimbia ule wetu. Ule wa kaa."

 Nikamuuliza, akasemaje?

"Alisikiliza kidogo. Akaniuliza, huo wimbo wa nani? Nikamwambia wako huo, nilikuwa nakuimbia. Akacheka, Ate. Akasema, si wangu, mimi siujui. Imba ule wa kwenye televisheni."

"Ukaimba?"

"Nikaimba! Nikaimba wote, na yeye anaimba nami, anajua maneno yote, Kiingereza chake kizuri kuliko changu." Alikuwa anafuta machozi na kucheka, na nilimtazama vizuri usoni nikitafuta walau uchungu kidogo, nipate mahali pa kushika. Sikuuona. Alikuwa na furaha tupu. Akanishika mikono yote miwili.

"Ungenipa alama nyingi ule mwaka," akasema, "ningeonekana kwenye televisheni na ule wimbo wa jikoni, na mwanangu angeona aibu. Wewe ulijua. Asante, Ate."

Labda alisema kweli. Labda mtoto angeona aibu, labda angesikia beti ya kwanza tu akasimama katikati ya sebule. Nafasi ya kujua ilikuwa moja, na niliimaliza mimi kwa kalamu, kwa sababu aligoma kunisikiliza siku ya Ijumaa. Ningeweza kumwambia saa ile ile. Mikono yake ilikuwa ndani ya yangu, tulikuwa wawili tu. Alinishukuru, na mimi nikaipokea ile shukrani.